Kile Kitu cha Kufungulia Mlango

Watu wengi wakiandika kuhusu ugonjwa wao huanza kwa kumshukuru Mungu. Namshukuru, tena kila siku, lakini nikianza na shukrani nitakuwa nimewadanganya. Naanza na hasira. Ndiyo iliyolala nami kitandani, ndiyo iliyonisindikiza kwenye mabenchi ya hospitali. Kama kuna mtu nyumbani kwenu amepigwa na kiharusi na maneno yamempotea, nataka mjue kwamba huyo anayewakodolea macho bila kusema hajawa mjinga. Yaelekea amekasirika tu, na ana sababu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikaja Rwanda nikiwa msichana mkubwa na kuolewa hapa Gisenyi. Mume wangu Faustin ni mtu wa hapahapa, fundi wa pikipiki, na elimu yake yote ni ya Kifaransa. Tulipokutana Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuungaunga, kwa hiyo tulichumbiana kwa Kiswahili, mimi na changu cha Karagwe, yeye na chake cha mpakani. Mpaka leo tukiwa wawili tunaongea Kiswahili. Kinyarwanda ni cha majirani na wageni, na Kiingereza nilikiacha shuleni Rugerero, nilikofundisha miaka kumi na tisa. Binti yetu Diane yuko bweni, na ndiyo maana watu wote wa ukweni wananiita Mama Diane.

Ugonjwa ulianzia jikoni, mvua za Machi zilipokuwa zinaanza. Nilikuwa nimebandika maziwa, Faustin amesimama karibu na jiko anafunga kamba za viatu, na mimi niko mlangoni. Nikaona maziwa yanapanda. Nikataka kumwambia ayatoe. Nikasema, "Kiatu." Akatazama miguu yake. Nikasema tena kwa nguvu, "Kiatu, kiatu," naye akanyanyua mguu kunionyesha kwamba ameshavaa, na maziwa yakamwagika yote. Kisha mkono wangu wa kulia ukafa, mguu nao ukaufuata, nikaanguka. Faustin alinidaka kabla kichwa hakijagonga saruji. Nitamsema sana humu, kwa hiyo mjue tangu sasa kwamba alinidaka.

Sitaeleza kiharusi ni nini, hiyo kazi waachieni madaktari. Nitasema kilivyonifanya. Upande wa kulia wa mdomo ulishuka, mate yakawa yananitoka nikijua kabisa kwamba yananitoka. Mkono wa kulia ulikuwa mzito na haukuwa wangu. Niliulalia usiku mzima bila kujua. Sikuweza kufunga sidiria wala kuvaa kiatu cha kamba. Nywele zilikatwa fupi ili wasihangaike kunisuka, na hakuna aliyeniuliza.

Lakini maneno ndiyo yaliyoniua. Tena si maneno yote, na hapo ndipo watu wasipoelewa. Nilijua kula, kuja, kulala, baridi, ndiyo, hapana. Niliwajua watu wote. Kilichopotea ni majina ya vitu. Ningeangalia kijiko na kujua kazi yake, na ningeweza kukuambia kilinunuliwa soko gani na nani alikikunja ncha. Jina lenyewe halipo. Nikilitafuta kwa Kiswahili halipo, nikilitafuta kwa Kinyarwanda halipo, na nikilazimisha linakuja jina la kitu kingine, kama lile la kiatu.

Na mtu asiye na majina ya vitu, watu humfanya mtoto. Daktari alisimama mbele yangu akamuuliza Faustin kama ninakula. Akamuuliza kama napata choo. Nilikuwa nimekaa hapo kati yao, nimevaa kitenge changu kizuri, na choo nilikuwa nimepata asubuhi hiyo, asante sana. Wageni walipokuja walinipigia kelele, kama vile ugonjwa ulikuwa wa masikio. Wengine walinimalizia sentensi. Nikisema "Nipe," wananitajia chai, maji, uji, blanketi, mpaka ninakubali lolote ili wanyamaze, na hivyo ndivyo nilivyokunywa uji miezi mitatu nikiwa nataka chumvi.

Aliyeniuguza ni wifi yangu Mawazo, dada mkubwa wa Faustin. Alikulia Goma na anaishi huko, anauza vitenge, na alivuka mpaka na begi moja akaja kukaa nasi. Alikuwa mtu wa kazi. Aliniogesha, akanikata kucha, na sambaza, wale dagaa wa ziwani, akawakaanga na kuwatoa vichwa mmoja mmoja kwa sababu upande wa kulia sikuweza kutafuna. Namkumbuka ameinama juu ya sahani na vile vichwa vidogo, saa nzima, na sikuwahi kumsikia akilalamika. Kwa hiyo siandiki kwamba walinichukia. Walinipenda sana, na walikuwa wamenizika.

Kisa cha muti kilitokea Juni, vumbi la kiangazi limeshaanza. Ilikuwa siku ya kwenda kupimwa presha. Asubuhi tuliondoka haraka, sikumeza vidonge vyangu, na pakiti ilikuwa ndani ya begi la Mawazo. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili. Kufikia saa tano kichwa kilikuwa kinanigonga na macho yanaona viwili viwili. Nikajua kabisa ninachotaka. Nikatafuta jina kwa Kiswahili, sikulipata. Kwa Kinyarwanda likaja, na nilifurahi lilipokuja, kwa sababu lilikuwa lenyewe: umuti, yaani dawa. Lakini ulimi ulikuwa mzito, ile sauti ya mwanzo ikamezwa. Nikasema, "Muti."

Sasa Mawazo Kiswahili chake ni cha Goma, na Goma muti ni mti wa kawaida, wenye majani.

"Muti?" akaniuliza. "Unataka kwenda ku muti?"

Nikasema muti, muti, na nikaonyesha begi. Akachukua begi kwa mkono mmoja na mimi kwa mkono wa pili, akaniongoza nje hadi kwenye parachichi la uani, akanikalisha chini, akaanza kunipepea kwa lile begi. Vidonge vilikuwa vinacheza humo ndani, navisikia. "Pumuzika, Mama Diane," akasema. "Iko kivuli hapa." Nikaanza kulia kwa hasira, naye akanifuta machozi kwa upendo wote wa dunia. Tulipoitwa ndani muuguzi alipima presha mara mbili kwa sababu hakuiamini mashine, na nikalazwa upya.

Hilo mtu anaweza kulicheka, na mimi leo nalicheka. Lakini Mawazo alirudi nyumbani akamwambia Faustin kwamba mambo yamebadilika, kwamba sasa naita miti. Alilisema kwa huzuni. Faustin akawaambia ndugu zake wa Nyundo, na ndugu zake wakaja na mzee wa kanisa kuniombea akili. Kuanzia siku hiyo ikawa imeamuliwa: mwili unaweza kurudi, ila kichwa cha Mama Diane kimekwenda. Neno moja lililopungukiwa na irabu moja ndilo lililonifanya kichaa.

Katika kulazwa huko ndiko nilikompata Peace. Alikuwa muuguzi kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, mtoto wa watu waliorudi kutoka Uganda, na Kinyarwanda chake kilikuwa na Kiingereza kila maneno matatu. Siku ya kwanza alinionyesha ufunguo wa kabati lake, akaniuliza kwa Kinyarwanda hiki ni nini. Kimya. Akaniuliza kwa Kiswahili kibovu. Kimya. Akachoka, nafikiri, na ile ya tatu ikamtoka kwa lugha aliyoizoea. Akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikajibu, "It is a thing."

Sikujua kwamba nitasema hivyo. Nikaendelea, polepole, na hapa nayaweka kwa Kiswahili ili nisimwache mtu njiani: ni kitu cha chuma, ni kidogo, kinatumika kufungulia mlango, kinapatikana mfukoni. Peace aliuweka ufunguo mezani akanitazama usoni. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunitazama hivyo tangu Machi.

Ngoja nieleze hayo maneno yalitoka wapi. Kila mwaka, muhula wa pili, nilifundisha somo la kueleza vitu ukisahau majina yao. Niliwaambia wanafunzi: usinyamaze, na usikimbilie Kinyarwanda. Jibu maswali matatu. Kimetengenezwa kwa nini, kinafanya kazi gani, kinapatikana wapi. Waliimba majibu darasa zima, na walilipenda somo hilo kwa sababu lilikuwa mchezo. Mimi sikulipenda. Niliona ni somo la wavivu. Mwanafunzi akiniandikia kwenye mtihani "kitu cha kufungulia mlango" nilimpa nusu alama, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu ajifunze msamiati. Yaani maneno ya Karagwe niliyonyonya kwa mama yangu yalinikimbia, na lugha niliyoilazimisha vichwani mwa watoto wa watu ndiyo iliyobaki kunisubiri, tena kwa sura ya somo nililolidharau.

Nikakaa na Peace Jumanne na Ijumaa, Julai yote. Mto ulikuwa kitu cha nguo ambacho kichwa kinalalia. Ufagio ulikuwa kitu cha nyasi kinachofukuza uchafu. Tukimaliza kueleza, mara nyingine jina lenyewe lilikuja nyuma kwa Kiswahili, limechelewa. Peace hakunimalizia sentensi hata mara moja. Aliniambia ameshasubiri mabasi yanayochelewa kuliko mimi.

Nyumbani sasa. Nilidhani nitapokelewa kwa vigelegele. Siku ya kwanza nilitaka ufunguo wa kabati, nikamwambia Faustin kwa Kiingereza anipe kile kitu cha kufungulia mlango. Akasimama. Nikarudia. Akaenda kumwita kijana wa jirani aje atafsiri. Yule kijana akasimama sebuleni kwetu akamweleza mume wangu mke wake anataka nini, na nikaona shingo ya Faustin inakakamaa.

"Sasa unanisemesha Kiingereza mu nyumba yangu?" akasema kijana alipoondoka.

Nilitaka kumwambia kwamba sikukichagua, kwamba ni daraja tu, na nikifika ng'ambo nitaongea naye Kiswahili chetu. Lakini hilo ni jambo refu. Nikasema "Hapana," na nikarusha kikombe. Mtaani ikaenea kwamba kiharusi kimenifanya mzungu. Waliosema jana kwamba nimepoteza akili leo walisema najivuna, na hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Wengine walikuja makusudi kunisikiliza. Mama mmoja wa mtaa wa juu alininyooshea tunda mezani niliseme kwa Kiingereza, kama kasuku. Nilimwambia ni kitu cha njano anachopewa mgeni asiyetaka kuondoka. Alifurahi sana, kwa sababu hakuelewa.

Mwishoni mwa Agosti nilikuwa natembea na fimbo, mkono wa kulia unafungua na kufumba, ingawa kushika kalamu bado. Nilishakata shauri kwamba Septemba nitarudi shule. Sikusema darasa zima wala vipindi vyote. Hata kukaa na watoto wachache tu na kufundisha lile somo langu moja, sasa kwa heshima. Nililala nalo, nikaamka nalo. Bila darasa nisingejua mimi ni nani; ningekuwa tu kitu kinachokaa kwenye kiti.

Kisha mwalimu mwenzangu wa hesabu akanipigia simu. Aliongea taratibu na kwa sauti kubwa, kama wote. Alisema wamesikitika sana, lakini wameelewa, afya ni kitu cha kwanza, na wanapanga kuniaga vizuri kabla shule haijafunguliwa. Nikamuuliza, "Kuaga?" Akasema mkuu wa shule amewasomea barua yangu ya kuacha kazi. Alisema ilikuwa barua nzuri sana, imewagusa.

Nilisubiri Faustin arudi kutoka gereji. Mawazo alikuwa anachambua mchele, na aliponiona usoni akaubeba mchele wake akaenda nao nje. Nilimuuliza Faustin kwa neno moja, "Shule?" Hakujifanya haelewi, na hilo pia nampa.

"Ndiyo, mi niliandika," akasema. "Bon, ungefanya nini mu darasa? Ukisahau kintu mbele ya batoto, bangekucheka. Mi sitaki bakucheke."

Nikasema, "Uliza. Mimi. Uliza."

"Mugonjwa haulizwi uji, Mama Diane."

Hiyo methali mnaijua wote. Ilitungwa na mtu mwenye afya. Mgonjwa haulizwi uji, anapewa tu, kwa sababu kila mtu anajua anauhitaji; na nilikunywa uji wao miezi mitatu kama nilivyosema. Nilikasirika kuliko siku ile ya parachichi. Hapo Faustin akakaa kwenye kiti, na akasema jambo lingine, kwa sauti ya chini.

"Ile siku ku jikoni, we hukuona sura yako. Mi niliiona. Sitaki kuiona tena, na sitaki mutu mwingine aione."

Kama ningekuwa na maneno yangu yote pengine ningemwonea huruma hapohapo. Sikuwa nayo. Nilichukua fimbo, nikamwambia, "Kesho. Shule. Mimi." Akasema atanipeleka. Nilijua kwamba anataka kuja ili aongee badala yangu, nikakubali, kwa sababu mguu usingenifikisha Rugerero peke yangu.

Mvua ya kwanza ya Septemba ilikuwa imenyesha asubuhi hiyo, na njia ya shule ilikuwa na matope. Mkuu wetu wa shule, Madamu Consolata, alitupokea vizuri. Alinikumbatia, akanikalisha kiti kilicho karibu na dirisha, akanipa pole kwa sauti kubwa. Kisha akamgeukia Faustin na kuanza kuongea naye kwa Kinyarwanda. Je, nalala vizuri? Yeye anaona mabadiliko? Faustin akajibu. Wakaongea hivyo kwa muda, watu wawili wema, wakipashana habari za mtu wa tatu ambaye magoti yake yaligusa meza ileile.

Karatasi ilikuwa juu ya faili. Niliiona. Iliandikwa kwa kompyuta, kwa Kifaransa kizuri, na chini yake palikuwa na jina langu na sahihi yangu, ile ya zamani yenye mkia mrefu. Mkono ulioandika sahihi hiyo ulikuwa mzima. Wangu wa kulia ulikuwa umelala mapajani, haukuwa umeshika kalamu tangu Machi. Niliinua ule wa kushoto, nikaweka kidole juu ya karatasi.

Wote wawili wakanigeukia.

Nikatafuta jina la ile karatasi. Kiswahili hakuna. Kinyarwanda hakuna. Faustin akaanza kusema, "Anataka—" nikagonga kidole mezani, akaacha.

"Ni kitu cha karatasi," nikasema kwa Kiingereza. Nilienda polepole, swali moja baada ya jingine. "Kinapatikana posta, na mezani kwa wakubwa. Kinatumika kusema, kama mtu hayupo."

Madamu Consolata alinielewa. Aliitazama barua, kisha akautazama mkono wangu wa kulia mahali ulipolala, na hakuuliza sahihi ni ya nani. Lakini Faustin hakuwa ameelewa, na nilitaka aelewe yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Nikamgeukia. Nikaacha Kiingereza pale mezani, nikachukua Kiswahili chetu cha uchumba, na maneno yaliyohitajika yalikuwa madogo, hayakuwa majina ya vitu.

"Mimi nilikuwepo," nikamwambia. "Nilikuwepo."

Hakunitazama. Alikuwa anatazama matope kwenye ncha za viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Madamu Consolata akaichukua barua, akaigeuza juu chini. Kisha akasogeza kiti chake mpaka akawa mbele yangu mimi, na akashusha sauti yake ikawa ya kawaida, ile aliyonitumia miaka yote tulipokuwa tunapanga ratiba.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "wewe unataka nini?"

Faustin akafungua mdomo kunijibia. Akaufunga.

Nilichukua muda mrefu. Nje mtu aliijaribu kengele, mtu akapita koridoni akiburuta dawati, na bado sikuwa nimejibu. Nililiona neno lenyewe liko mbali, nikalifuata taratibu, na hakuna aliyenisaidia.

"Darasa," nikasema.